Ukuta wa Kusini na Shimo la Chokaa

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa karakana mlinifanyia sherehe, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, halafu mmoja wenu akasimama akasema Mzee Ambwene atuandikie aliyojifunza ili tusirudie makosa yake. Mlicheka wote, nami nikacheka. Sijui kama mlijua mnaomba nini. Blanketi nalitumia kila siku, maana baridi ya Tukuyu mwezi wa saba si ya kuchezea. Saa imesimama saa nne na dakika kumi na sijaibadilishia betri, kwa sababu sina tena mahali pa kuwahi. Basi nimekaa kuandika.

Habari za vyeo nitaziacha, zimo kwenye jalada langu na hazijamfundisha mtu kushika mwiko. Nitaandika habari za ukuta mmoja, ukuta wa kusini wa kanisa la mawe ambalo wengi wenu mlikuja kulifahamu likiwa tayari limezungushiwa kamba. Jina la kijiji silitaji. Wenyewe wanajua, na wengine halitawasaidia. Ripoti yetu ilisema ukuta ule ulianguka kwa "uchakavu uliotokana na hali ya hewa". Nilisaini mimi. Mvua ya Rungwe imesingiziwa mengi tangu nianze kazi, lakini hili halikuwa kosa lake. Ukuta ule niliuua mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye kanisa hilo hilo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, kichwa kimejaa, na mkononi nina mwiko mpya niliouzungushia gazeti usipate kutu kwa ukungu wa asubuhi. Fundi mkuu wa mawe alikuwa Mzee Gwakisa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa jua na mvua, na vidole vilivyoliwa na chokaa mpaka mistari yake ikafutika. Nilimwamkia, akaitika. Kisha akautazama mwiko wangu kama mtu anayetazama kiatu kilichowekwa mezani.

"Weka chini hilo," akasema. "Leo hujengi. Leo unaamkia ukuta."

Nilidhani ananitania kama wageni wanavyotaniwa, lakini wenzake hawakucheka. Kuamkia ukuta ilikuwa desturi ya kikosi chake. Kabla hujagusa chombo chochote, unapita ukuta mzima kwa mgongo wa kiganja, jiwe kwa jiwe, kusikia lipi lina baridi kuliko wenzake, maana baridi ile ni maji. Ukimaliza unapita tena ukigonga kwa mpini wa nyundo. Jiwe zima linaitika kwa sauti kavu, lililooza ndani linaitika kwa sauti ya mtu aliyejifunika shuka. Unaanza na kusini kila mara, kwa sababu mvua yetu inapanda kutoka Ziwa Nyasa, na ukuta unaotazama ziwa ndio unaopigwa wa kwanza na kukauka wa mwisho.

Nilimaliza saa nane mchana, mkono umekufa ganzi. Mzee akauliza mawe yenye baridi ni yapi. Nikasema ni mengi, hasa ya chini.

"Mengi ndiyo yapi? Rudi ukayaamkie tena. Wewe umepita kama mtu anayesalimia msibani, hata jina la mfiwa hajui."

Nilirudi. Kesho yake pia nilirudi. Mwiko ulikaa kwenye gazeti lake wiki nzima, na siku nilipouchukua nilikuwa nayajua mawe ya ukuta ule kuliko nilivyowajua shemeji zangu.

Niwaeleze jiwe lenyewe, maana siku hizi mnajenga kwa tofali na mnadhani mawe yote ni jamaa moja. Mawe ya kanisa lile yalichongwa kwenye miamba ya majivu ya volkano. Ni mepesi, yana vitundu, na yanachongeka kwa shoka. Waliojenga waliyapenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo yanakunywa maji. Mvua ikinyesha yanalowa, jua likitoka yanayatoa. Yakiyatoa vizuri yanaishi kuliko sisi. Yakizuiwa, maji yanabaki ndani na chumvi zake, chumvi zinavimba zikikauka, na uso wa jiwe unapukutika unga. Sasa maji yanatokea wapi? Yanatokea kwenye viungo, ile mota kati ya jiwe na jiwe. Ndiyo maana mota ya kuta za zamani ilikuwa chokaa, laini kuliko jiwe lenyewe. Kiungo ndicho kinacholiwa na mvua, jiwe linabaki. Kila baada ya miaka kadhaa unakwangua kiungo kilichochoka na kujaza kipya, na kila mvua zikikatika unapaka ukuta maji ya chokaa kwa brashi ya katani. Kazi haina mwisho. Hilo ndilo nililokuja kulichukia.

Chokaa yetu ililetwa kwa lori kutoka Songwe. Tuliichemsha kwa maji kwenye shimo nyuma ya kanisa, tukaifunika kwa mbao na majani ya mgomba, na kuiacha ikae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyoiva. Sharti lake ni moja tu, maji yasimame juu yake muda wote, hewa isiiguse. Ikiguswa na hewa inaganda na kazi imekwisha. Mzee Gwakisa aliliangalia shimo lile kila asubuhi kabla ya chai.

Siku moja nilimuuliza kwa nini tusipige lipu ya saruji tukapumzika. Tulikuwa juu ya jukwaa na bondeni wachuma chai walikuwa wakirudi, wamevaa yale mavazi ya nailoni ya kuzuia umande.

"Unawaona wale?" akaniambia. "Leo mvua haijanyesha. Nenda kamuulize mmoja nguo ya ndani ikoje."

Sikuhitaji kuuliza. Mama yangu alichuma chai Lupepo miaka mingi, alikuwa anarudi nyumbani amelowa jasho lake mwenyewe na kukohoa.

"Basi saruji ndiyo nailoni," akasema. "Maji ya nje utayazuia. Ya ndani utayapeleka wapi, bwana?"

Nililielewa siku ile ile. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu nilipokosea sikukosea kwa kutojua.

Miaka ya katikati ilikuwa mizuri. Nilijifunza kwamba magonjwa mengi ya ukuta yanaanzia kwenye bati, na kwamba fundi anayekimbilia jiwe kabla ya kupanda kuangalia mifereji anapoteza siku yake. Nilijifunza pia kwamba adui wa jengo la zamani mara nyingi ni mtu anayelipenda. Mama Subilaga, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliwahi kutujazia udongo na samadi kwenye msingi wa upande wa mashariki ili apande maua. Maua yalistawi sana. Ukuta ukaanza kunyonya samadi mpaka magotini. Mzee alinituma mimi nikamwambie ayahamishe.

"Ambwene," alinijibu, jembe mkononi, "Mungu kaumba maua, mawe kayaacha yenyewe. Wewe uko upande wa nani?"

Nilimsaidia kuyahamisha yote, hatua mbili kutoka ukutani, na kwa mwaka mzima kwaya ikipita mbele yangu ilikuwa inainua sauti makusudi.

Kisha macho ya Mzee Gwakisa yakaanza kuingia ukungu. Alistaafu, akarudi kwake upande wa Matwebe, kwenye migomba yake, na kikosi kikabaki mikononi mwangu. Mwaka ule kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei. Walikuwa wanakuja wageni wengi, na kamati ilitaka jengo lipendeze. Mwenyekiti wa kamati, mstaafu mmoja mpole sana, alinipeleka mbele ya ukuta wa kusini. Ulikuwa na madoa ya kijani kama kawaida yake baada ya masika.

"Fundi, huu kila mwaka mnaupaka na kila mwaka unakuwa hivi. Hakuna dawa ya mara moja tu?"

Angekuwa ameniagiza, leo ningekuwa na wa kumlaumu. Aliniuliza tu. Jibu lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Ipo," nikasema. "Tupige lipu ya saruji. Tutausahau."

Nilikuwa nimechoka, huo ndio ukweli. Nilikuwa nimechoka brashi ya katani, chokaa machoni, na kuonekana fundi wa mambo ya kale wakati wenzangu niliosoma nao walikuwa wanamwaga zege za ghorofa Mbeya. Nilitaka mara moja katika maisha yangu nimalize kazi iishe. Tukapiga lipu, sentimita tatu, timazi juu mpaka chini, nikaipitishia msasa mwenyewe. Ulitoka ukuta mnyoofu kama ubao wa darasani. Watu walikuja kunipa mkono. Shimo la chokaa kamati iliomba lifukiwe, maana lilikuwa karibu na turubai la wageni, nikasema fukieni. Sikwenda kumuuliza Mzee Gwakisa. Nilijiambia nisimsumbue, anaumwa macho.

Alikuja siku ya jubilei, ameshikwa mkono na mkewe, Mama Tusajigwe. Kofia ya sufu ilikuwa ile ile. Nilimwona akiacha njia ya wageni na kuelekea upande wa kusini, nikamfuata. Aliweka mgongo wa kiganja ukutani. Akausogeza kidogo, akautafuta mfereji kati ya jiwe na jiwe, hakuupata. Akagonga kwa fimbo mara moja. Nilikuwa nimeshafika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ambwene, mmeuziba mdomo."

"Ni saruji, Mzee. Itadumu."

Aliutoa mkono ukutani. "Ndaga," akasema, asante hiyo ya Kinyakyusa ambayo ukiitaka inaweza pia kumaliza mazungumzo. Mkewe akamgeuza, wakaenda kukaa. Hakula sana siku ile.

Masika ya kwanza ukuta ulikaa vizuri, nikapumua. Masika ya pili rangi ya ndani, upande wa wanakwaya, ilianza kuvimba malengelenge. Masika ya tatu lipu ilipata nyufa nyembamba, na chini yake ukajitokeza unga mweupe. Nilijua ni nini. Mtoto wa wiki moja kwenye kikosi cha Mzee Gwakisa angejua. Lakini kukiri kulikuwa na maana ya kubandua kazi iliyonipa sifa, mbele ya watu walionipa mkono, kwa hiyo nilichanganya saruji nyingine na kuziba nyufa. Niliziba mwaka ule, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Nilikwenda mwenyewe na karai moja, siku za kazi watu wakiwa mashambani, sikumchukua hata saidia fundi.

Nilimtembelea Mzee mara moja katika miaka ile. Alikuwa haoni kabisa. Aliniuliza habari za watoto, za ndizi, kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Na ule wa kusini, mzima?"

"Mzima, Mzee," nikasema. "Hauna tatizo."

Alitikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi vizuri. Maana siku ile wanafukia shimo nilimtuma mama na toroli. Chokaa yako iko hapa kwangu, nyuma ya jiko. Ukiihitaji, mlango hauna kufuli."

Vijana, nilikuwa nimekaa hatua ishirini kutoka kwenye chokaa iliyoiva kuliko yoyote wilayani, mbele ya mtu pekee aliyejua kuutibu ukuta ule, na wakati ule ukuta bado ulikuwa unatibika. Lipu ingebanduliwa, mawe yangeachwa yakauke kiangazi kimoja, viungo vingejazwa upya. Ningesema neno moja tu. Nilimaliza chai yangu nikaaga. Alikufa mwaka uliofuata, nikabeba jeneza mstari wa mbele, watu wakasema Ambwene amempenda mwalimu wake.

Aliyenikamata ni Atupele. Mnamjua, huyu huyu anayewasumbua sasa na kifaa chake cha kupimia unyevu. Aliletwa kwetu kutoka chuoni, nikampeleka kwenye kanisa siku ya kwanza kama nilivyopelekwa mimi. Nilimwonyesha kuamkia ukuta. Alianza na kusini. Aligonga jiwe la kwanza, la pili, akasimama.

"Mzee, hapa ndani hamna kitu."

"Gonga tena."

"Nimegonga. Ni uji." Akakiweka kifaa chake, kikalia. Akanigeukia, "Nani kapiga saruji juu ya jiwe la aina hii? Huyu mtu alikuwa anafikiria nini?"

"Mafundi wa zamani," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya ukuta ule, na niliusema kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Wiki ile tulianza kubandua. Nilidhani itahitaji tindo na nyundo nzito, lakini tulipoingiza mtaimbo kwenye ufa mmoja lipu ilitoka vipande vipana kama milango, na kila kipande kilitoka na uso wa mawe umeng'ang'ania nyuma yake. Alama za shoka za watu waliochonga mawe yale, ambazo mimi nilizijua kwa mgongo wa kiganja moja moja, zilikuwa zimebandikwa kwenye saruji yangu. Nyuma yake palikuwa na tope. Tope la kijivu, linateremka lenyewe. Atupele akawaondoa watu wote chini ya jukwaa. Jioni kabla ya saa kumi na mbili sehemu ya katikati, kutoka kwenye msingi mpaka kizingiti cha dirisha, ilikaa chini taratibu, bila kelele kubwa. Hakuumia mtu. Mama Subilaga, mzee sasa, alisimama kwenye maua yake akalia kama amefiwa, na nilishindwa kumsogelea.

Usiku ule nilisaini ile ripoti ya hali ya hewa. Kesho yake, kabla ya kazi, nilimwambia Atupele. Nilimwambia yote, na lipu, na karai la siku za kazi, na "mzima, Mzee". Alinisikiliza ameinamia buti zake.

"Kwa nini hukuniambia jana, Mzee?"

"Jana nilikuwa bado fundi mzuri."

Hakucheka, na hakunifariji, na namshukuru kwa yote mawili. Aliuliza tu, "Pande mbili zilizobaki zinaweza kuokolewa. Chokaa iliyoiva tutaipata wapi?"

Tulikwenda Matwebe siku hiyo hiyo. Sikutegemea kitu. Mzee alikuwa amekufa miaka tisa, na shimo lisilotazamwa linakauka kiangazi kimoja. Mama Tusajigwe alitupokea uani akiwa na ungo wa maharage. Tulisalimiana, nikamtambulisha Atupele, nikauliza habari za chokaa nikiwa naangalia chini.

Alitupeleka nyuma ya jiko. Palikuwa na majani ya mgomba, mabichi, ya wiki ile. Akayaondoa, akaondoa mbao. Maji yalikuwa yamesimama safi, na chini yake chokaa, nyeupe. Atupele aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akautoa umejaa, laini kama siagi, akabaki anautazama.

"Nani alikuwa anaongeza maji?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mimi. Nani tena?" Mama akajifuta mikono kwenye khanga. "Kila nikirudi kisimani, ndoo moja ya shimo. Aliniachia kazi hiyo. Alisema Ambwene atakuja kuichukua. Mbona umechelewa hivyo? Ukuta mzima?"

Lilikuwa swali lile lile la mumewe. Nilikuwa nimeshalijibu mara moja.

"Hapana, mama," nikasema. "Si mzima. Umeanguka. Niliuharibu mimi, na nilipomwambia Mzee ni mzima nilikuwa namdanganya."

Aliinama akaokota jani moja la mgomba, akalinyoosha kwa kiganja.

"Alijua," akasema. "Siku ile ulipotoka tu aliniambia, ule ukuta unaumwa na mtoto anaona aibu. Ongeza maji."

Sina la kuongeza juu ya hilo. Nimelibeba kila siku tangu niliposikia, na nalibeba ninapoandika.

Chokaa ile ilitosha pande mbili, mashariki na magharibi ya pengo. Niliijaza mwenyewe, kiungo kwa kiungo, ikawa kazi yangu ya mwisho. Katikati mmeona, ni mawe mapya, na kwa macho yangu yatakuwa mapya mpaka nife. Ripoti nimeiandika upya na kumpa Atupele aiweke kwenye jalada badala ya ile ya kwanza. Jina la fundi limeandikwa.

Shimo jipya liko nyuma ya karakana, chini ya paa la bati, na nilichota kutoka kwenye lile la Mama Tusajigwe karai moja la kulianzishia. Maji yasipungue shubiri moja juu ya chokaa. Mtakapoona yamepungua, msiulizane zamu ni ya nani. Chukueni ndoo.